Saruji Gatini, Mafundi Kisiwani: Kisa cha Zahanati Iliyosubiri Maji Yajae

## Muktadha

Kisa hiki kinahusu ujenzi wa jengo la zahanati katika kisiwa kidogo cha pwani ya kusini ya Tanzania. Majina ya kisiwa, halmashauri, mzabuni na wahusika yameondolewa, na baadhi ya namba zimesogezwa kidogo bila kuharibu uwiano wake. Mimi nilikuwa upande wa ugavi, na niliitwa kazi ikiwa tayari imekwama.

Mradi uliendeshwa kwa fosi akaunti, utaratibu ambao kijiji hununua vifaa chenyewe, huajiri fundi wa kawaida kwa bei ya ufundi tu, na mhandisi wa halmashauri husimamia ubora. Kamati zilikuwa tatu kama kawaida: ya ujenzi, ya manunuzi na ya mapokezi. Makadirio yalitaka mifuko 600 ya saruji, kokoto mita za ujazo 40, pamoja na nondo, mbao, mabati na vifaa vya umaliziaji. Mchanga ulipatikana kisiwani kwenye shimo la ndani. Mchanga wa ufukweni mhandisi aliukataa tangu mwanzo kwa sababu chumvi yake hula nondo.

Kutoka gati dogo la bara hadi kijijini ni safari ya mashua ya saa chache. Kijiji hakina gati. Chombo huingia kwa mkondo unaopita kati ya mikoko, na kwenye mdomo wa mkondo huo kuna fungu la tope. Wakati wa bamvu, yaani siku zinazozunguka mwezi mwandamo na mwezi mpevu, tofauti ya maji kupwa na kujaa katika pwani yetu hupita mita 3, na mashua yenye mzigo hupita juu ya fungu bila shida. Wakati wa maji mafu, wiki moja baadaye, tofauti hiyo hushuka hadi mita 1 hivi. Mitumbwi hupita. Mashua iliyobeba tani 6 haipiti.

Kila mvuvi wa kijiji anajua hayo. Katika makabrasha ya mradi hayakuandikwa popote.

## Fedha zinaingia Aprili

Fedha ziliingia mwishoni mwa Aprili, masika ikiwa imepamba moto. Mwaka wa fedha wa Serikali hufungwa Juni 30, na fedha za maendeleo zisizotumika hadi siku hiyo huwa hatarini kurudi. Hofu hiyo ndiyo iliyoamua karibu kila kitu kilichofuata, na siwalaumu walioiogopa. Wapo waliowahi kupoteza fedha za madarasa kwa kusubiri mvua ikatike.

Kamati ya manunuzi iliomba bei kwa wazabuni watatu. Aliyeshinda alitoa bei ya chini kuliko wote, shilingi 16,000 kwa mfuko wa saruji, na sharti lake lilikuwa mstari mmoja chini ya karatasi: "bei ni kufikisha gatini". Wa pili alikuwa juu kwa shilingi elfu tatu na ushei, lakini yeye alikuwa akifikisha hadi kijijini. Karatasi ya ulinganisho ilikuwa na safu moja tu ya bei, kwa hiyo wa pili alionekana ghali akaachwa.

Kuanzia gatini kwenda mbele, makadirio yalikuwa na kifungu kimoja kilichoandikwa "usafirishaji", shilingi milioni 3, bila mchanganuo. Ilikubalika kwamba wananchi watasaidia kwa msaragambo, yaani kazi ya pamoja ya kujitolea.

Katika wiki mbili za mwisho za Juni mzabuni alileta kila kitu. Saruji yote 600, mabati, mbao, nondo na kokoto. Kamati ya mapokezi ikavuka, ikahesabu, ikasaini, malipo yakafanyika kabla ya tarehe 30. Kwa upande wa fedha mradi ulikuwa umefanikiwa. Kisiwani msingi ulikuwa haujachimbwa, na stoo pekee, chumba cha ofisi ya kijiji, ilikuwa na nafasi ya mifuko 150.

## Mzigo wa kwanza

Ghala la kukodi pale gatini lilivuja upande mmoja. Mtunza stoo aliona saruji itaharibika, akaomba ianze kuvushwa. Kibali cha kutoa mzigo kilihitaji sahihi za watu wawili ambao hupatikana ofisini Jumatatu, basi safari ikapangwa Jumatatu.

Nahodha wa mashua, mzee wa kisiwani hapo hapo, alimwambia mtendaji: "Mwanangu, wiki hii maji mafu. Pale mlangoni hapapiti chombo na mzigo. Ngojeni mwezi ukue." Mtendaji akamjibu kwa adabu kwamba anamwelewa, ila kibali kimeshasainiwa na wapagazi wameshaitwa. "Tutajaribu, mzee wangu, Mungu atasaidia."

Mashua ilipakia mifuko 110. Ilikwama juu ya fungu saa nne na nusu asubuhi, maji yakiwa ndiyo yamejaa kadiri yatakavyojaa siku ile. Mitumbwi ilikwenda kuipunguzia mzigo, mifuko minane minane, katika upepo wa kusi uliokuwa ukirusha maji ndani. Waliobaki na mashua walifunika kwa turubai lililokuwa na tundu katikati. Mifuko 38 ilirowa. Baadhi ilipasuka mikononi mwa watu, na nyuma yake waliacha mstari wa kijivu kwenye tope kutoka mkondoni hadi kwenye mnazi wa kwanza.

Baada ya hapo kila mtu akaogopa kuvusha saruji. Safari mbili zilizofuata, mwezi Julai, zilibeba mbao, mabati na fremu za milango, kwa kuwa ni vyepesi, havirowi kirahisi, na vilikuwa karibu na mlango wa ghala. Mifuko 80 ya saruji ilichomekwa juu. Kokoto na nondo, vitu vinavyotangulia kuliko vyote katika msingi, vilibaki bara.

Fundi mkuu na wenzake walichimba msingi, wakaumaliza, wakakaa. Mkataba wao ulikuwa wa ufundi kwa hatua, hivyo siku za kukaa hazikuwa na malipo. Kijiji kiliwalisha kwa majuma mawili. Kisha wakaaga kwa heshima, wakaenda kumalizia nyumba ya mtu bara. Mvua za mwisho mwisho zilibomoa kingo za mtaro uliokwisha chimbwa.

## Nondo za mita 12

Hili nalielezea peke yake kwa sababu limenifundisha zaidi ya mambo mengine yote.

Nondo huuzwa kwa urefu wa mita 12. Mashua ile ilikuwa na urefu usiofika mita 10. Mzabuni alikunja kila nondo katikati kama inavyofanyika kwenye malori madogo, akaleta mafungu ya umbo la pini ya nywele. Hata hivyo nahodha alikataa kuyapakia pamoja na saruji, kwa sababu ncha zilitoboa mifuko, na kuyapakia peke yake kulimaanisha chombo chenye uzito mdogo lakini kilichojaa, kwa nauli ile ile.

Na nondo iliyokunjwa lazima inyooshwe. Fundi hupoteza nusu siku kwa kila fungu, na pale ilipokunjwa hapanyooki sawasawa. Halafu akishanyoosha, anakata vipande vya mita moja kutengeneza ringi, zile pete zinazofunga nondo pamoja! Kwa maneno mengine, tulikuwa tunakunja chuma ili kukivusha, tunakinyoosha baada ya kukivusha, kisha tunakikata na kukikunja tena.

Mhandisi alikuwa na jedwali la nondo kwenye michoro: kila kipande, urefu wake na idadi yake. Halikuwa limetumwa kwa mzabuni wala kwa kamati, kwa sababu kamati ilitakiwa kununua "nondo mm 12, vipande kadhaa" na si kitu kingine.

## Maamuzi ya Agosti na sababu zake

Kikao kilifanyika chini ya mwembe wa ofisi ya kijiji. Kwa mara ya kwanza nahodha alialikwa, na fundi mkuu alirudi kwa siku hiyo.

Uamuzi wa kwanza ulikuwa kupanga safari kwa mwezi wa mwandamo. Nahodha alitaja siku za bamvu hadi Desemba kwa kuhesabu, bila karatasi, na mwalimu mmoja akazigeuza kuwa tarehe za kawaida. Tulipata madirisha mawili kila mwezi, yaani vipindi ambavyo mashua yenye mzigo inaweza kupita, kila moja la siku nne au tano. Kibali cha kutoa mzigo kikawa kinasainiwa juma moja kabla ya dirisha, kwa safari zote za dirisha hilo.

Lilizuka tatizo ambalo sisi wa ofisini hatukulitarajia. Katika pwani hii, wakati wa bamvu maji hujaa karibu saa kumi alfajiri na saa kumi jioni. Ina maana mzigo hushuka gizani au jua likikaribia kuzama, saa ambazo kamati ya mapokezi iko nyumbani. Kamati iligawana zamu za wajumbe wawili wawili. Walihesabu kwa vijiti: kila mpagazi akipita na mfuko anachukua kijiti kimoja kwenye mashua na kukitupa kwenye ndoo mlangoni pa stoo. Vijiti vya ndoo vikilingana na hati ya kusafirishia, watu wanasaini papo hapo kwa mwanga wa simu. Kabla ya hapo idadi ilikuwa inaandikwa asubuhi, baada ya mfuko mmoja mmoja kupata miguu.

Uamuzi wa pili ulihusu mfuatano. Fundi aliulizwa swali moja: ukitaka kurudi kazini kesho, unahitaji nini, na baada yake nini? Majibu yake ndiyo yakawa orodha ya safari. Kokoto za msingi na nondo zilizokatwa, kisha saruji ya msingi na matofali, kisha vya mkanda (ukanda wa zege lenye nondo juu ya msingi) na lenta (boriti ya zege juu ya milango na madirisha). Mabati na fremu zilizokwisha fika ziliwekwa juu ya magogo, mabati yakasimamishwa kwa mwinamo ili maji yasituame katikati yake. Yaliyokuwa yamelazwa bapa tangu Julai yalishaota madoa meupe ya unyevu. Manne yalitupwa.

Nondo zilikatwa na kukunjwa bara, kwa mkono, na kijana mmoja wa karakana ya gatini aliyepewa jedwali la mhandisi. Ringi zote zilivuka zikiwa zimefungwa kwa waya mafungu mafungu. Zilikaa chini ya mashua, na saruji ikapangwa juu ya ubao uliowekwa juu yake.

Uamuzi wa tatu ulikuwa kupunguza vitu vya kuvusha. Wanakijiji walishauri mawe ya matumbawe ya nchi kavu, yale ya zamani yanayochimbwa ardhini na si ya baharini, yatumike. Mhandisi alikubali kwa ukuta wa msingi, jambo lililopunguza matofali na kama mifuko 50 ya saruji. Kwa kokoto alikuwa mgumu, na nadhani alikuwa sahihi. Mawe hayo yana vinyweleo na huenda yakawa na chumvi, kwa hiyo aliyakataa kabisa mahali penye nondo: mkanda, nguzo, lenta. Kwenye jamvi, yaani zege la sakafu, lisilo na nondo aliruhusu yapondwe yatumike. Akina mama wa kijiji walilipwa kwa debe. Mita za ujazo 18 za kokoto hazikuvuka bahari.

Wa nne ulikuwa mgumu kiutawala. Ghalani bara ilibaki mifuko 410. Tuliipitia mmoja mmoja. Iliyogusa sakafu na iliyogusa ukuta, jumla 60, ilikuwa mawe. Wengine walitaka ipondwe na kuchekechwa, mhandisi akakataa. Katika iliyobaki, mifuko yenye mabonge yanayovunjika kwa vidole ilihesabiwa kuwa bado inafaa, ila si kwa kungoja miezi mingine. Saruji ikifika miezi mitatu katika stoo ya kawaida huwa imepoteza sehemu ya nguvu yake, na stoo yenye hewa ya bahari si ya kawaida. Mifuko 150 ilivushwa katika dirisha la kwanza ikaenda kwenye matofali na msingi. Mingine 200, iliyokuwa mizima, mzabuni alikubali kuichukua aiuze mjini na kutupatia mipya mnamo Oktoba na Novemba, sisi tukilipia lori. Saruji mjini haikai, kwa hiyo hakupoteza kitu. Makubaliano yaliandikwa kwa muhtasari wa kikao na hati mbili za makabidhiano.

## Matokeo

Mafundi walirudi mwanzoni mwa Septemba. Boma lilifika usawa wa lenta katikati ya Novemba, vuli ikiwa imeanza. Paa lilikamilika Desemba, wakati ratiba ya awali ilisema Septemba. Zahanati ilianza kupokea wagonjwa mwaka uliofuata.

Saruji iliyopotea ni mifuko 98 kati ya 600, na kwa bei ya gatini hiyo ni shilingi 1,568,000. Akiba ya msingi wa mawe ilifidia nusu, ikabidi inunuliwe mifuko 50 mingine. Tangu ratiba ya bamvu ianze, hakuna mashua iliyokwama na hakuna mfuko uliorowa safarini. Mkaguzi alipokuja aliandika hoja kuhusu mifuko 200: vitabu vinasema imepokelewa na kulipwa Juni, stoo inasema imeingia Oktoba na Novemba.

## Uchambuzi

Makosa makubwa hayakufanyika baharini. Yalifanyika kwenye karatasi ya ulinganisho wa bei. Nilipokaa na wapagazi na nahodha kuhesabu safari ya mfuko mmoja, ilikuwa hivi: kushusha lori na kodi ya ghala shilingi 500, kupakia mashua 500, nauli 2,000, kushusha na kuvuka tope 700, mkokoteni hadi eneo la ujenzi 500. Jumla 4,200. Mfuko wa 16,000 ulikuwa mfuko wa 20,200 ulipofika mahali pa kazi, mbali na uliorowa. Mzabuni wa pili, aliyeachwa kwa ughali, alikuwa chini ya hapo, na hasara ya majini ingekuwa yake.

Kwa kokoto hesabu ni chungu zaidi. Gharama ile ile kwa uzito, mifuko 20 ya kilo 50 ikiwa tani moja, ni shilingi 84,000 kwa tani. Kokoto mita za ujazo 40 ni kama tani 60, hivyo kuzivusha zote kungegharimu shilingi 5,040,000, na saruji 2,520,000. Vitu viwili tu, milioni saba na nusu, dhidi ya kifungu cha milioni 3. Msaragambo ulisaidia ufukweni siku za mwanzo, lakini huwezi kumwomba mvuvi aamke saa tisa usiku kubeba saruji bure mara mbili kwa mwezi kwa miezi minne. Alibeba mara ya kwanza kwa ajili ya zahanati. Baadaye alilipwa, na ilikuwa haki yake.

Kuhusu Juni 30, nimesikia wenzangu wakisema dawa ni kukataa kununua kwa haraka. Sikubaliani nao. Kijiji kingepoteza fedha. Kosa halikuwa kununua mapema, ila kununua kila kitu mapema na kisha kudhani kwamba mpangilio wa kununua ndio mpangilio wa kusafirisha. Nondo, mabati, misumari, vitasa, mabomba, vyote hivi vinaweza kununuliwa Juni na kukaa bara hata miezi sita vikitunzwa. Ndivyo vingebeba sehemu kubwa ya fedha kabla ya mwaka kufungwa. Saruji haiwezi, na kuiweka kwenye kundi moja na nondo kwa sababu tu zote ni "vifaa vya kiwandani" ndiko kulikozaa hoja ya mkaguzi.

Kubadilishana mifuko 200 kuliokoa mradi, lakini sipendekezi kuwe mfano wa kuigwa. Kulitegemea hisani ya mfanyabiashara mmoja. Angekataa, tusingekuwa na kifungu chochote cha kumshika. Hati ya manunuzi ingeweza tangu mwanzo kutaja saruji kwa awamu tatu na tarehe zake, kila awamu ikilipwa ikipokelewa, na ile ya kwanza tu ikiangukia Juni. Salio lingeombewa kibali cha kuvuka mwaka likiwa na mkataba nyuma yake, jambo ambalo lina nguvu zaidi kuliko kuomba likiwa fedha tupu benki.

Kulikuwa na jambo ambalo hata Agosti hatukulishika vizuri, nalo ni maji baridi. Kisima cha karibu kilikuwa cha chumvi, mhandisi hakukiruhusu kwa zege lenye nondo, na maji yalitoka kisima cha upande wa pili wa kisiwa kwa madumu juu ya punda. Yalitosha kuchanganyia. Kumwagilia zege kwa siku saba kulifanyika kwa kubahatisha, na lenta za upande wa jua zilipata nyufa nyembamba ambazo plasta imezifunika. Maji nayo ni mzigo. Tuliyaacha nje ya orodha kwa kuwa hayanunuliwi.

Kumweka nahodha kwenye kikao kulileta faida kuliko fomu zote nilizobuni. Hata hivyo nahodha naye ana maslahi: ndiye mwenye chombo, na ndiye anayesema ni siku zipi chombo kipite. Mwezi Oktoba alitaka safari ziongezwe kwa mzigo mdogo mdogo. Fundi ndiye aliyembana kwa orodha yake ya mahitaji. Mmoja bila mwingine asingetosha.

Mradi uliofuata kijijini hapo ulikuwa nyumba ya mtumishi. Fomu ya kuomba bei sasa ina safu mbili, "gatini" na "eneo la ujenzi", na jedwali la nondo huambatanishwa. Hoja ya mkaguzi ilifungwa baada ya hati za makabidhiano kuonyeshwa. Iliyobaki wazi ni malipo ya wapagazi: mpagazi wa ufukweni hana risiti ya EFD, ile mashine ya risiti za kodi, na karatasi yenye dole gumba lake bado hurudishwa na mhasibu ikiulizwa maswali.